Baiskeli Kuukuu za Pwani ya Bagamoyo: Kazi Tamu na Kazi Chungu za Fundi

Katika mwambao unaoanzia Kunduchi na Bunju, ukapita Mapinga na Zinga hadi Bagamoyo mjini, baiskeli kuukuu ya chuma, yenye magurudumu ya inchi 28, breki za vyuma na keria pana nyuma, bado ni chombo cha kazi kinachobeba matenga ya samaki, madafu, kuni na mkaa. Baiskeli hizo zilitoka katika viwanda mbalimbali, lakini ni za ukoo mmoja, kwa kuwa umbo lililoenezwa na Raleigh ya Nottingham, Uingereza, ndilo lililofuatwa na Phoenix ya Shanghai, na Hero na Avon za Ludhiana nchini India, na hata Swala iliyotengenezwa Dar es Salaam. Anayezitengeneza hukutana na kazi zinazomburudisha na kazi zinazomchosha, na katika pwani hii kinachotenga makundi hayo mawili kwa kawaida ni chumvi.

Chumvi inayoletwa na upepo wa bahari, pamoja na maji yanayodondoka kutoka katika tenga la samaki na kuangukia gurudumu la nyuma, huvuta unyevu wa hewa na kuufanya ukae juu ya chuma hata siku za jua kali. Kutu inayozaliwa hapo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo pale vyuma viwili vilipokutana kwa kubanana, kutu hujaza mwanya wote na kuvifunga kabisa.

Ndiyo maana kazi inayochukiwa kuliko zote ni kutoa pini ya krenki. Krenki ni mkono wa chuma unaoshika pedeli, na pini yake ni kipande kifupi cha mviringo, kilichochongwa bapa upande mmoja, ambacho hupenya krenki na kukaza ekseli ya katikati kama kabari. Fundi asiye na subira huanza na nyundo, akaigonga mara nyingi kwa mapigo mepesi, na matokeo yake ni pini iliyopinda au iliyotanuka kichwa, ambayo sasa haitoki ila kwa kutobolewa kwa keekee. Njia iliyo salama ni kupaka mafuta mepesi, au mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili, katika ncha zote mbili na kuyaacha yapenye usiku kucha. Kisha nati hulegezwa bila kuondolewa, mpaka uso wake ulingane na ncha ya pini, ili ilinde hesi, yaani mikato ya mzunguko inayoshikwa na nati. Baada ya hapo krenki hukalishwa juu ya kipande cha bomba nene kilichosimama ardhini, chenye tundu linalotosha kupokea kichwa cha pini, na pini hupigwa pigo moja zito lililonyooka. Bomba hilo si la kupuuzwa, kwa sababu pasipokuwa na egemeo nguvu yote ya nyundo hupita katika ekseli na kuishia kwenye gololi, ambazo hutoboa vishimo katika bakuli zake, na baiskeli iliyoletwa kwa tatizo moja huondoka na mawili.

Kurudisha pini mpya nako kunataka uangalifu, kwa kuwa bapa lake hupigwa tupa kidogo kidogo hadi likae sawa na mkato wa ekseli, na pini za kulia na kushoto huelekezwa kinyume ili krenki mbili zikae kwenye mstari mmoja. Nati hukazwa tena baada ya mwendo mfupi.

Nguzo ya kiti iliyoganda ndani ya fremu ni chungu karibu kiasi hicho. Kutafuta bakuli za katikati pia huchosha, maana hesi ya Raleigh ya zamani ina mikato 26 kwa inchi, ilhali kipimo kilichoenea zaidi ni 24, na bakuli lililolazimishwa huharibu fremu moja kwa moja.

Upande wa kazi tamu, kufungua kitovu cha gurudumu huleta faraja ya haraka. Kwa kawaida kitovu cha mbele hubeba gololi 10 kila upande na cha nyuma 9 zilizo kubwa zaidi, nazo huoshwa kwa mafuta ya taa, huchunguzwa moja moja, kisha hupangwa upya katika grisi safi. Koni, yaani nati iliyochongoka inayozizuia, hukazwa hadi mtikisiko wa ekseli uishe lakini si zaidi. Gurudumu lililoinuliwa likiweza kuzunguka lenyewe polepole mpaka sehemu ya mdomo wa kujazia upepo, iliyo nzito, ishuke chini, kipimo kimepatikana.

Hata hivyo, hakuna kazi inayostahili kuitwa ufundi kuliko kusuka na kunyoosha ringi. Gurudumu la mbele lina spoku 32 na la nyuma 40, kwa sababu nyuma ndiko mzigo unakokaa. Spoku ya kulia ikibanwa huivuta ringi kulia, ya kushoto huivuta kushoto, na mbili jirani zikibanwa pamoja huivuta kuelekea kitovuni. Kwa hiyo fundi hubana robo mzunguko hapa na kulegeza robo pale, akizipiga spoku kwa kidole na kusikiliza, kwani spoku za upande mmoja zilizokazwa sawasawa hutoa sauti zinazokaribiana. Jambo ambalo wengi hawalizingatii ni kwamba breki za vyuma huvuta mipira yake juu dhidi ya uso wa ndani wa ringi, si ubavuni, na kwa sababu hiyo kuyumba kidogo kwa pembeni huvumilika, lakini kupanda na kushuka kwa ringi hufanya breki ishike kwa vishindo. Mviringo ndio unaotangulia kusahihishwa.

Wenye baiskeli hizi wanaombwa wazifikishe kwa fundi mara moja kila mwaka, kabla ya masika ya Machi, ili pini za krenki na nguzo ya kiti zitolewe, zipakwe grisi na kurudishwa kabla chumvi haijazifunga. Na wanunuzi wa chuma chakavu wanapofika mlangoni na mizani, baiskeli isiuzwe kwa kilo kabla fremu yake haijapimwa: fremu iliyonyooka na isiyo na ufa inatengenezeka.