Mashini Ihesabu, Mtu Asikilize

Wasomaji wetu wajua habari za bustani ya Edeni. Mungu alijua yote yaliyotendeka. Hata hivyo hakumhukumu Adamu kabla ya kumwita, kumwuliza na kusikia jibu lake. Tangu kale walimu wa sheria za Kanisa wametoa hapo fundisho hili: mtu asihukumiwe asiposikilizwa. Fundisho hilo twalihitaji sana siku hizi, maana serikali nyingi zimeanza kuiachia kompyuta kazi ya kuamua nani apewe msaada na nani adaiwe.

Tutazame yaliyotokea Australia. Huko Serikali huwapa fedha watu wasio na kazi, nao hueleza kila majuma mawili wamepata nini. Tangu mwaka 2016 kompyuta iliwekwa iwakague. Ilichukua pato la mwaka mzima kutoka ofisi ya kodi, ikaligawanya sawasawa kwa vipindi 26 vya majuma mawili. Tuseme kijana alifanya kazi nusu mwaka, akapata dola 13,000. Nusu ya pili hakuwa na kazi, akapokea msaada kwa haki. Kompyuta huona kwamba kila kipindi alipata dola 500. Basi alidanganya, na arudishe! Barua ikatumwa, na mzigo wa kutafuta hati za mishahara ya miaka iliyopita ukawa wa mdaiwa.

Mwaka 2019 Serikali ilikiri mahakamani kwamba deni la namna hiyo halikuwa halali. Mwaka 2020 ikaahidi kurudisha dola milioni 721 kwa madeni 470,000. Lakini mbele ya Tume ya uchunguzi, iliyotoa taarifa yake mwaka 2023, walisimama akina mama waliofiwa na wana wao, waliojiua baada ya kudaiwa. Fedha hurudishwa, mwana harudishwi.

Mashini ina faida zake. Hujumlisha upesi, haichoki, wala haiombi rushwa. Waliokosa ni watu walioweka hesabu mahali pa hukumu, kisha wakajificha nyuma yake. Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, alipowahutubia wakuu wa nchi za G7 mwezi Juni 2024, alisisitiza kwamba uamuzi ubaki mikononi mwa binadamu. Nasi Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yampa mwananchi haki ya kudai kwamba uamuzi unaomgusa sana usitegemee mashini peke yake.

Basi, ninyi mnaofanya kazi maofisini, msimjibu mjane kwamba kompyuta imekataa. Fungueni jalada lake, mwulizeni, msikilizeni. Nanyi wazazi, tunzeni stakabadhi zenu. Na jina lenu likikosekana katika orodha, ulizeni kwa adabu ni afisa gani aliyeamua, na kwa sababu gani. Kuuliza hivyo si ukaidi. Aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu ana haki ya kusikilizwa, kama Adamu alivyosikilizwa.