Chumba Kisicho na Mlango
Somo: Ezekieli 8:7–12

Sisi tunaopita Kibokoni twazijua nyumba za kale: kuta nene za mawe na chokaa, huwezi jua ndani mna nini. Kule magofu ya Gede, nyumba zingine zilikuwa na ghala lisilo na mlango kabisa. Mwenyewe aliingilia tundu lililo juu ukutani.

Ezekieli naye aliambiwa atoboe ukuta. Akaona mlango, na ndani wazee 70 wakifukizia uvumba sanamu zilizochorwa ukutani, wakisema Bwana hawaoni. Wazee, jamani, si watoto!

Na kwako je? Simu yenye namba ya siri? Deni asilolijua mama watoto? Mwambie leo jioni, kabla ya maombi ya familia.