SOMO LA JIKO: KEKI YA WAGIRIKI NA KARAFUU ILIYOMO NDANI YAKE

Wanachama wetu wanaujua mkarafuu tangu mche mpaka gunia. Lakini safari ya karafuu haikomi kwenye gunia. Hukoma katika sufuria ya mtu tusiyemjua, naye hutuhukumu kwa punje kumi tu. Somo la mwezi huu lataka kulionyesha jambo hilo kwa keki moja. Tumelichagua pia kwa ajili ya jamaa za wanachama waliohamia Dar es Salaam, pande za Kinondoni na Temeke, kama Mwananyamala, Tandika na Mbagala, ambako akina mama wengi huoka kwa jiko la mkaa, na wengine huuza vipande wapate riziki.

KEKI YENYEWE NA WATU WAKE

Wagiriki walifika Tanganyika tangu zama za Wajerumani. Wako waliofanya kazi ya kujenga reli, na wako waliolima mkonge, kahawa na tumbaku. Mwaka 1958 Kanisa la Kiorthodoksi lilianzisha jimbo lenye makao yake Dar es Salaam, nalo likaitwa Irinoupolis, maana yake Mji wa Amani, jina linalokaribiana sana na lile la Dar es Salaam. Mashamba ya mkonge yalipotaifishwa mwaka 1967, wengi wao waliondoka nchini.

Katika sikukuu zao ziko keki za namna nyingi. Ile ya mwaka mpya, Vasilopita, hutiwa sarafu ndani, na atakayeikuta katika kipande chake huhesabiwa kuwa na bahati mwaka mzima. Sisi tumeichagua nyingine, iitwayo Fanouropita, ambayo huokwa hasa kwa sikukuu ya Mtakatifu Fanourios, tarehe 27 Agosti. Aliyepotewa na kitu, kama ufunguo au pete, huioka akiomba kipatikane, kisha huigawa kwa watu. Desturi yataka vitu vitiwavyo viwe 7, 9 au 11.

Tumeipenda kwa sababu tatu. Kwanza, haina yai, wala maziwa, wala siagi, kwa kuwa Wagiriki huweza kuila hata siku za mfungo wao. Basi gharama yake ni ndogo. Pili, yaokeka vizuri bila oveni. Tatu, karafuu ni miongoni mwa viungo vyake. Wako wanaotia pombe kidogo. Sisi tumeiacha, na keki haipungukiwi na kitu. Msomaji ataioka kwa Idi, kwa arusi au kwa wageni wa jioni, kama aokavyo mkate wa kumimina.

VITU TISA VINAVYOTAKIWA

1. Unga wa ngano, vikombe 4 vya chai.
2. Sukari, kikombe 1.
3. Mafuta ya kupikia, kikombe 1. Wagiriki hutumia ya zeituni. Ya alizeti yafaa.
4. Maji ya machungwa yaliyokamuliwa, vikombe 2, pamoja na ganda la chungwa moja lililoparuzwa. Machungwa ya Muheza yakiwa msimu, ni mazuri.
5. Bekingi pauda, vijiko 4 vya chai.
6. Mdalasini wa unga, kijiko 1 cha chai.
7. Karafuu nzima 10. Zikisagwa hupata kama nusu kijiko cha chai.
8. Korosho zilizokaangwa na kuvunjwavunjwa, kikombe 1. Kwao hutiwa jozi, lakini jozi ni ghali kwetu, na korosho za Mtwara na Lindi zapatikana.
9. Zabibu kavu, nusu kikombe.

KARAFUU: HAPA NDIPO PENYE KAZI

Usinunue karafuu iliyokwisha kusagwa ikiwa waweza kupata nzima. Nguvu ya karafuu imo katika mafuta yake, ambayo ni kama asilimia 15 hadi 20 ya uzito wa karafuu njema. Mafuta hayo huruka hewani upesi ikisha kusagwa. Tena unga hauonyeshi asili yake: ukichanganywa na makonyo yaliyosagwa, mnunuzi hatambui kwa macho.

Kabla ya kusaga, ipime karafuu kwa njia mbili. Ibonyeze kwa ukucha: iliyo njema hutoa unyevu wa mafuta. Kisha tia chache katika bilauri ya maji: zenye mafuta huzama au husimama wima, na zilizokwisha mafuta huelea ubavu. Zilizofaulu zitwange katika kinu kidogo, uchunge, utumie siku ile ile.

Usizidishe kipimo. Karafuu ni kiungo cha kuamrisha: ikizidi hutia uchungu, hufanya ulimi uwe ganzi, na ladha nyingine zote hunyamaza.

KUCHANGANYA

Washa mkaa kwanza, kisha ndipo uanze kuchanganya, kwa sababu bekingi pauda huanza kutoa hewa mara inapoguswa na maji, na hewa hiyo ndiyo inayoiumua keki. Rojo likingoja moto, hewa hutoka bure na keki hulala.

Chunga pamoja unga, bekingi pauda, mdalasini na karafuu. Katika bakuli jingine piga mafuta na sukari kwa mwiko dakika chache, utie maji ya machungwa na ganda lake. Mimina vya maji katika vya unga, ukoroge mpaka unga mkavu usionekane, basi uache. Ukikoroga sana keki huwa ngumu. Mwisho tia korosho na zabibu, ambazo umezipaka unga kidogo zisizame chini.

KUOKA KWA MKAA

Chukua sufuria nene, ipake mafuta na kuinyunyizia unga, umimine rojo lisipite nusu ya kina chake. Bandika juu ya jiko lenye makaa machache yaliyokwisha kushika majivu. Funika kwa kifuniko cha bati au sinia, kisha palia makaa juu yake. Kanuni ni ile ile ya mkate wa kumimina: moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini. Wengi hufanya kinyume, ndipo keki yaungua chini na huku juu ni mbichi.

Usifunue kabla ya nusu saa. Baada ya dakika 50 hivi, choma katikati kwa kijiti kikavu. Kikitoka kisafi, keki imeiva. Iache ipoe kabla ya kukata. Siku ya pili ladha yake huzidi, kwa kuwa viungo vimekwisha kuenea.

Twaonya kwa nguvu zote: usioke kwa mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Nyumba nyingi za Temeke na Kinondoni ni za vyumba vya kupanga, na mvua ikinyesha mtu hushawishika kuingiza jiko ndani na kufunga mlango. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu wamelala. Oka uani au barazani, na jiko lisilale chumbani hata kama laonekana limezimika.

LINALOTUHUSU SISI WAKULIMA

Sasa turudi shambani. Mfikirie mama wa Tandika auzaye keki kwa vipande. Amenunua karafuu dukani, nayo ni nusu makonyo, au ilivunda kwa kulundikwa mbichi, au ilianikwa kando ya barabara ikala vumbi. Atia kipimo kile kile, harufu haitoki, aongeza, keki yawa chungu, wateja wairudisha. Yeye hamjui mkulima aliyeichuma wala mwenye duka aliyeichanganya. Atasema neno moja tu, kwamba karafuu haifai, na tangu siku ile atatumia iliki peke yake. Mnunuzi mkubwa wa ng'ambo akipata karafuu mbovu huandika barua ya malalamiko, nasi twapata kujua. Mama huyu haandiki. Huacha tu kununua.

Kwa hiyo twawakumbusha wanachama mambo manne. Chambua makonyo siku ile ile ya kuchuma. Yana kazi yake mahali pake, kama kwenye kiwanda cha makonyo cha Wawi, Pemba, ambako hukamuliwa mafuta. Anika juu ya majamvi au sakafu safi, zikiwa tabaka jembamba. Anua kabla ya mvua na kabla ya umande wa usiku. Usitie guniani mpaka karafuu ikivunjwa ilie kwa sauti kavu. Na mavuno yaende kituo cha ununuzi kama sheria itakavyo, yasipite njia za magendo, kwa maana karafuu ya magendo haina wa kuikagua.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini mkaa huwashwa kabla ya kuchanganya rojo?
2. Moto wa juu na wa chini, upi uwe mwingi, na kwa nini?
3. Taja njia mbili za kuipima karafuu kabla ya kuisaga.
4. Keki ya mama wa Tandika imeharibika. Je, katika kazi zako za shambani msimu uliopita, ni ipi ambayo ingeweza kuwa sababu?

Swali la nne halina jibu katika karatasi hii. Kila mwanachama atalijibu mbele ya jamvi lake mwenyewe.