Lakiri ya Daftari: Namna ya Kugundua Kumbukumbu Iliyochezewa

Mwezi Machi 2017 makontena 277 ya mchanga wa madini, yaani makinikia, kutoka machimbo ya Bulyanhulu na Buzwagi mkoani Shinyanga yalizuiliwa katika bandari ya Dar es Salaam. Kamati ya wataalamu iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma ilichukua sampuli, na mwezi Mei ikaeleza kwamba dhahabu iliyomo ilizidi mara kadhaa ile iliyoandikwa. Kampuni ya Acacia iliyakanusha matokeo hayo. Shauri lenyewe lilimalizwa baadaye kwa mapatano, wala si kazi yetu kuliamua hapa. Lakini limetuachia swali la kisayansi: iwapo maandishi yanabishaniwa, tutajuaje kwamba hayakubadilishwa baada ya kuandikwa?

Kontena hufungwa kwa lakiri. Lakiri ikivunjika, kila mtu huona. Je, daftari nalo laweza kutiwa lakiri?

Swali hili lina uzito zaidi siku hizi, kwa kuwa madaftari mengi huandikwa na mashine. Zipo programu za akili unde ziitwazo mawakala, ambazo hupewa kazi na kuitenda zenyewe: kutuma barua, kulipa fedha, kubadili majalada ya ofisi. Kila tendo huandikwa katika daftari la matukio. Wakala akikosea, daftari hilo ndilo shahidi. Shahidi huyo hafai kitu ikiwa mshtakiwa anaweza kuyabadili maneno yake.

KANUNI YA MNYORORO

Tuchukue mfano wa kubuni wa mnunuzi wa dhahabu mjini Geita, mahali ambapo soko la dhahabu lilifunguliwa mwaka 2019. Kwa siku moja amenunua mara nne: gramu 12, 35, 8 na 20. Kila mstari wa daftari tutaupa alama kwa kanuni hii: zidisha alama ya mstari uliotangulia kwa 7, jumlisha uzito, gawanya kwa 97, kisha uandike baki. Alama ya kuanzia ni 1.

Mstari wa 1: 1 × 7 + 12 = 19; baki 19
Mstari wa 2: 19 × 7 + 35 = 168; baki 71
Mstari wa 3: 71 × 7 + 8 = 505; baki 20
Mstari wa 4: 20 × 7 + 20 = 160; baki 63

Sasa mtu abadili 35 iwe 25. Alama ya pili inakuwa 61, ya tatu 47 na ya nne 58. Kosa la mstari mmoja limeharibu mistari yote iliyoufuata, kwa kuwa kila alama imebeba ndani yake historia nzima iliyoitangulia.

MAHALI PA KUWEKA ALAMA YA MWISHO

Mwanafunzi mwerevu atauliza: je, mdanganyifu akiandika upya daftari zima pamoja na alama zake? Hapo hesabu zote zitalingana, na mkaguzi hataona kitu. Mnyororo peke yake hautoshi. Ni lazima alama ya mwisho, hapa 63, ikabidhiwe jioni ileile kwa mtu mwingine ambaye mwenye daftari hawezi kumfikia. Mkaguzi atakokotoa upya tangu mwanzo; akipata 58 mahali pa 63, lakiri imevunjika.

Stuart Haber na Scott Stornetta walieleza njia ya kuunganisha hati kwa mnyororo mwaka 1991. Baadaye, tangu mwaka 1995, kampuni yao ilichapisha alama ya jumla kila wiki katika gazeti la New York Times. Nani angeweza kukusanya nakala zote za gazeti na kuzibadilisha?

Kwa wakala wa akili unde mambo ni yale yale. Daftari liandikwe na programu nyingine, si na wakala mwenyewe. Wakala asiwe na ruhusa ya kufuta. Na alama zipelekwe mara kwa mara kwenye mashine ya ofisi nyingine. Tukio lililotokea kati ya alama mbili zilizokabidhiwa halina ulinzi huo bado. Kwa hiyo muda kati yake uwe mfupi.

Kanuni yetu ya 97 ni ya darasani tu. Kompyuta hutumia kanuni kama SHA-256, ambayo alama yake yaweza kufika tarakimu 78, na hadi leo hakuna aliyeonyesha maandishi mawili tofauti yenye alama moja.

MPAKA WA LAKIRI

Tusidanganyike. Lakiri huthibitisha kwamba maandishi hayakuguswa. Haithibitishi kwamba yalikuwa kweli. Mizani ikidanganya, mnyororo utautunza uongo kwa uaminifu mkubwa. Kwa hiyo sampuli na mizani ya pili vitahitajika daima.

MAZOEZI

1. Badili mstari wa 2 uwe gramu 132. Kwa nini alama zote zimebaki vilevile?
2. Weka 25 katika mstari wa 2. Tafuta uzito wa mstari wa 3 utakaorudisha alama ya 20.
3. Mtu ameufuta mstari wa 4 wote. Mkaguzi asiye na alama ya 63 atagunduaje?