Dondoo muhimu: Saa ya mkononi ya kwenda nayo baharini

Maandishi ya "30 m" mgongoni mwa saa yasikudanganye. Hiyo ni ya mvua na kunawa mikono. Kwa kuzamia na mtungi, tafuta yenye alama ya ISO 6425, kiwango cha kimataifa cha saa za wapiga mbizi: angalau mita 100, na kila saa hujaribiwa kwa shinikizo linalozidi kina chake kwa robo.

Kisha shika pete inayozunguka kioo. Igeuke upande mmoja tu, kinyume cha mwendo wa mishale. Ikigonga mwamba ikasogea, itakuonyesha umekaa chini muda mrefu kuliko ukweli, nawe utapanda mapema hewa ikiwa bado ipo. Ikigeuka pande zote mbili, mrudishie muuzaji.

Kitufe cha kurekebishia majira kiwe cha kukaza kwa kuzungusha. Majini usikiguse.

Baharia anayepima nyota kwa sekstanti ana hesabu nyingine: kosa la sekunde 4 ni maili moja ya baharini kwenye ikweta. Saa ya kawaida ya betri hukosea takriban sekunde 15 kwa mwezi. Ya kujaza ufunguo huweza kufika hapo kwa siku chache. Inayokosea kiasi kilekile kila siku, ukakiandika, inafaa kuliko ya kifahari inayoyumba.

Mkanda wa ngozi waachie wenye harusi. Fundi akibadili betri, abadili na mpira wa kuzuia maji, kisha aipime kwa mashine ya shinikizo. Kama hana mashine, tafuta mwingine.