Mnyororo wa Baisikeli na Utunzaji Wake

Watu wengi huosha baisikeli zao kwa bidii na kung'arisha usukani hata ukameremeta, lakini mnyororo huuacha na uchafu wake mwezi baada ya mwezi. Ukianza kulia njiani huutia mafuta juu ya mchanga, na kelele zikikoma hudhani wameuponya. Kumbe mafuta yaliyochanganyika na mchanga ni sawa na tupa, husaga chuma mchana kutwa.

Yafaa kwanza tujue mnyororo ulivyo. Mnyororo wa namna hii ulibuniwa na Hans Renold mjini Manchester, Uingereza, mwaka 1880. Viungo vyake vimeshikwa kwa pini, na juu ya kila pini huzunguka kigurudumu kidogo mfano wa ushanga. Kutoka pini hata pini ni nusu inchi. Mafuta yanatakiwa humo ndani, baina ya pini na ushanga wake. Yaliyo nje hayana kazi ila kukamata vumbi.

Basi twaeni mkebe, mafuta ya taa, matambara na mswaki mkuukuu. Kazi hii ifanyike nje, mbali na jiko na taa, wala mtu asivute sigara karibu. Petroli msiitumie kabisa, kwa kuwa mvuke wake hushika moto upesi mno. Pindueni baisikeli isimame juu ya kiti na usukani. Tafuteni kiungo chenye kibanio, mkitoe kibanio kwa koleo na kukiweka ndani ya kifuniko cha mkebe. Tumewaona watu wazima wakitambaa mchangani jioni nzima wakitafuta kidude hicho.

Lowekeni mnyororo, usugueni, badilisheni mafuta ya taa mpaka yasichafuke tena, kisha utundikeni ukauke kabisa. Magurudumu ya meno yakwangueni kwa kijiti na kuyapangusa. Lile dogo la nyuma msilimiminie mafuta ya taa, maana huingia ndani na kuondoa mafuta yake.

Kabla ya kuurudisha, upimeni kwa rula. Nyosheni mnyororo, mpime kutoka katikati ya pini moja hata katikati ya pini ya 24 baada yake. Ukiwa mzima mtapata inchi 12 kamili. Ukizidi kwa sehemu ya nane ya inchi, umekwisha; nunueni mwingine, maana ukiendelea kutumika utakula meno ya magurudumu, na hasara itakuwa mara tatu. Sisi wenyewe tulikipuuza kipimo hiki. Mnyororo ukakatika mlimani, nasi tumempakia mgonjwa mwenye homa kali, ikawa kusukuma baisikeli maili tatu juani hata zahanati. Alipona, lakini hatukusahau.

Mkiurudisha, ncha ya kibanio isiyo na mwanya ielekee upande uendako mnyororo mtu akanyagapo kwenda mbele. Ikigeuzwa, kibanio chaweza kuchomoka. Mnyororo usikazwe mno. Ukiuinua kwa kidole katikati, ucheze kadiri ya nusu inchi.

Sasa tieni mafuta ya mashine, tone moja juu ya kila ushanga, huku pedeli ikizungushwa polepole. Ngojeni kidogo yapenye, kisha pangusani nje mpaka mkono usichafuke sana. Hapa ndipo wengi huona uchungu kufuta mafuta waliyoyanunua! Mafuta ya cherehani yafaa, ila hukauka upesi. Mafuta ya nazi na samli yaacheni jikoni, kwa sababu huganda na kunata. Watoto wasikaribie wakati pedeli inazunguka, na tambara lisishikwe karibu na meno, kwa maana kidole kikivutwa humo hukatika.

Mafuta ya taa yaliyochafuka msiyamwage karibu na kisima. Yafunikeni siku mbili tatu mpaka tope lituame. Yale masafi ya juu yatafaa kuoshea mara ya pili.