Dondoo muhimu: Jicho likishaumia

- Kitu kikichoma jicho, usikichomoe wala usilifikiche. Lifunike kwa kikombe kisafi bila kuligandamiza, uwahi hospitali.
- Likiingiwa na chokaa, saruji au tindikali, lioshe papo hapo kwa maji safi tiririka, angalau dakika 20, ndipo uende hospitali.
- Ukiona vimulimuli, vidoa vingi vinavyoelea au kivuli kama pazia, huenda retina imebanduka. Hiyo ni dharura. Mara nyingi huhitaji upasuaji.
- Mtoto wa jicho aweza kujitokeza miezi au miaka baada ya pigo. Huondolewa kwa upasuaji, ikawekwa lenzi bandia.
- Presha ya macho nayo huja kimyakimya. Pimwa kila mwaka, hata kama unaona vizuri.
- Usijitilie dawa ya matone bila kuandikiwa na daktari.